Kurasa zinafunguliwa kwa maelfu, pesa ya matangazo iko wapi?

Shikamoo dada,

Nina tovuti ya bei za mazao. Kila siku naweka bei ya mahindi na alizeti ya soko la Kibaigwa na mchele wa Bahi, na msimu wa zabibu ukifika naongeza bei za wakulima wa Mpunguzi na Hombolo. Mimi nakaa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma mjini. Mdogo wangu yuko Kibaigwa, ndiye anayenipigia simu asubuhi kunipa bei.

Miezi michache iliyopita alinifuata wakala wa kampuni moja ya matangazo ya nje. Alisema kwao msomaji hahitaji hata kubofya, tangazo likionyeshwa tu mimi nalipwa, na malipo ni hadi dola moja kwa kila maonyesho elfu moja. Nikampa nafasi tatu kwenye kila ukurasa: juu kabisa, katikati na chini. Mwezi uliopita kurasa zangu zilifunguliwa mara 38,000. Nikazidisha kwa tatu nikapata 114,000, nikajua nina dola 114.

Ripoti ilipokuja, imeandikwa dola 21.60. Ndani yake kuna namba ambazo sizielewi: maombi 96,000, yaliyojazwa 54,000, yaliyoonekana 27,000, CPM 0.80. Nimempigia wakala, jibu lake ni kwamba mfumo ndivyo ulivyo. Dada, naona kama nimeibiwa.

Kuna mengine matatu. Binamu yangu anasema anamjua mtu anayeuza watembeleaji 100,000 wa tovuti kwa bei ndogo, na kwamba wenzangu wote wanafanya hivyo. Pili, duka moja la pembejeo pale Majengo wanataka niwawekee bango lao, wameniuliza bei nami sijui niwatajie shilingi ngapi. Tatu, wakala anataka niweke faili inaitwa ads.txt kwenye tovuti yangu, nami naogopa isije ikawa mlango wa kuingilia.

Mwenye tovuti, Nkuhungu, Dodoma

*

Marahaba mdogo wangu,

Nimeirudia hesabu ya ripoti yako. Maonyesho 27,000 ukiyagawa kwa elfu moja unapata 27, na 27 mara senti 80 ni dola 21.60. Kwa hiyo hesabu yenyewe imekaa sawa, na kwa namba hizi peke yake siwezi kusema umeibiwa. Ila ulikuwa na haki ya kuelezwa ni kitu gani kinahesabiwa kabla hujaweka msimbo wa mtu, yaani yale maandishi ya kompyuta yanayoleta tangazo, kwenye tovuti yako, na wakala hakukueleza. Anayekwambia mfumo ndivyo ulivyo, ama haujui huo mfumo, ama hataki uujue. Ngoja nikupitishe namba moja baada ya nyingine.

Zile 38,000 ni mara ambazo kurasa zako zilifunguliwa. Hiyo ni hesabu ya kwako, mtangazaji hainunui. Ukurasa ukifunguka, kila nafasi ya tangazo hutuma ombi kwenye kampuni: nipeni tangazo la kuweka hapa. Ulitarajia maombi 114,000 yakatumwa 96,000. Yale 18,000 yamepotelea njiani kwa sababu za kawaida kabisa. Kuna wasomaji wanaotumia vivinjari vinavyozuia matangazo ili kuokoa bando. Kuna wengine ambao mtandao wao unakokota, wameshafunga ukurasa kabla msimbo wa tangazo haujaamka. Kupotea kwa kiasi hicho nisingekugombania.

Kwenye 96,000 zikajazwa 54,000. Maana yake ni kwamba mara 42,000 tovuti yako iliomba tangazo ikaambiwa hakuna. Kampuni haikuwa na mtangazaji anayemtaka msomaji wako wa wakati huo. Hapo ndipo ningekaza macho kuliko mahali pengine pote, na nitaparudia nikifika kwenye lile duka la Majengo.

Halafu yaliyojazwa 54,000, yakaonekana 27,000. Nusu kwa nusu. Sekta ya matangazo ya mtandaoni ina kipimo kinachokubalika kwa upana, kilichowekwa na Media Rating Council ya Marekani, baraza la kusimamia vipimo vya watazamaji, pamoja na IAB, chama cha kampuni za matangazo ya mtandaoni: tangazo la picha huhesabiwa limeonekana pale angalau nusu ya eneo lake linapokuwa kwenye kioo cha msomaji kwa sekunde 1 mfululizo. La video ni sekunde 2. Tangazo likishuka kwenye ukurasa lakini liko chini mahali ambapo msomaji hakufika, halikuonekana. Siyo kila kampuni inalipa kwa kipimo hiki, zipo zinazolipa kwa kila tangazo lililoshuka, ila ya kwako, kwa namba ulizonitumia, inalipa kwa yaliyoonekana. Sasa unajua ile "tangazo likionyeshwa tu" ilimaanisha nini.

Sasa mfikirie msomaji wako mwenyewe. Dalali amesimama nje ya soko la Kibaigwa, lori linasubiri mzigo, simu mkononi, mtandao wenyewe unakuja na kukatika. Anafungua ukurasa wako kutafuta kitu kimoja tu, bei ya mahindi ya leo. Maandishi ni mepesi, yanafika kwanza. Bei anaiona pale juu, anarudisha simu mfukoni. Tangazo la juu halijawahi kufika. La katikati na la chini hajayateremkia. Yeye amepata alichokitafuta na wewe umefanya kazi nzuri, lakini kwenye ripoti yupo kama ukurasa mmoja uliofunguliwa na tangazo sifuri lililoonekana. Tovuti ya bei hutembelewa hivyo. Tovuti ya hadithi ndefu ingepata maonyesho mengi zaidi kwa wasomaji haohao.

Kwa hiyo usiongeze nafasi, punguza. Toa ile ya chini kabisa. Ile ya juu ihamishie mara tu baada ya jedwali la bei, kwa sababu macho ya msomaji yanatua kwenye jedwali na tangazo linapata muda wa kufika. Kwenye simu tumia vipimo vinavyouzika, kama pikseli 300 kwa 250 au 320 kwa 100. Na mwambie aliyekutengenezea tovuti atenge kimo cha nafasi hiyo tangu mwanzo, tangazo linapofika lisisukume bei chini wakati mtu anasoma. Nimeona tovuti za habari zinazomfanya msomaji abofye tangazo kwa bahati mbaya kwa sababu ukurasa uliruka chini ya kidole chake. Huko ni kumkosea msomaji, na mibofyo ya namna hiyo kampuni huikata inapoigundua. Vilevile usiliweke tangazo limebanana na kitufe cha kuchagua soko.

Tuje kwenye ile 0.80. CPM ni bei ya maonyesho elfu moja, na bei hiyo haikai mahali pamoja. Wewe unaujua mnada wa mazao ya stakabadhi ghalani: mzigo ni mmoja, wanunuzi wanaleta bei zao, ya juu inachukua. Kila nafasi kwenye ukurasa wako inapigwa mnada wa namna hiyo, isipokuwa huu unaanza na kuisha kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, na mzigo ni msomaji mmoja kwa dakika ile. Wanunuzi wanaangalia yuko nchi gani, anatumia simu au kompyuta, anasoma habari za nini. Msomaji aliyeko Marekani kwa kawaida huvuta bei kubwa kuliko aliyeko Kongwa, kwa kuwa wanaomgombania ni wengi na bajeti zao ni nene. Msimu nao una nguvu yake: Novemba na Desemba watangazaji wakubwa wa nje wanamwaga pesa, Januari wanafunga mkono. Mwezi mmoja ukishuka usikimbilie kudhani kuna mchezo. Linganisha Januari na Januari.

Kuna namba moja ambayo hukunitumia, nayo ndiyo ningetaka uiandike ukutani kila mwezi. Chukua dola ulizolipwa, gawa kwa kurasa zilizofunguliwa, zidisha kwa elfu moja. Kwako 21.60 kwa kurasa 38,000 ni kama senti 57 kwa kila kurasa elfu. Hiyo wanaiita RPM. CPM inaweza kupanda huku mfuko wako ukipungua, kwa mfano kampuni ikiuza nafasi chache kwa bei kubwa na kuziacha nyingine zote tupu. RPM haifichi hilo, ndiyo maana naipenda. Akija wakala mwingine na ahadi zake za CPM, muulize RPM ya tovuti nyingine ya Kiswahili aliyonayo, yenye wasomaji wa Tanzania. Na neno lake "hadi dola moja" lichukulie kama paa, senti 10 nazo zimo ndani ya "hadi".

Muulize pia mgao. Pesa anayotoa mtangazaji haikufikii yote, na kampuni inayofanya kazi kwa uwazi hutamka inakata kiasi gani. Google AdSense, ambayo wenye tovuti wengi huanzia huko, kwa miaka ililipa zaidi kwa mibofyo, na mwanzoni mwa 2024 ikahamia kulipa kwa maonyesho. Iliutangaza mgao wake: mwenye tovuti anapata asilimia 80 ya kinachobaki baada ya jukwaa analotumia mtangazaji kukata ada yake. Tangazo likiwa limenunuliwa kupitia Google Ads, ada hiyo ni wastani wa asilimia 15, kwa hiyo katika kila dola 100 za mtangazaji mwenye tovuti anabaki na takriban dola 68. Sikwambii uhamie huko kesho. Nakupa kipimo cha kumpimia wakala wako. Yeye akisema mgao ni siri, wewe unajua kuna wasioufanya siri.

Ukiamua kuwajaribu AdSense, jua kwamba hawatumi malipo mpaka ufikishe dola 100. Kwa kasi yako ya sasa ni kama miezi mitano. Salio likifika dola 10 wanatuma barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani yako, kwa hiyo tumia S.L.P. ambayo una uhakika nayo, siyo sanduku la ofisi uliyoacha kazi miaka mitatu iliyopita. Uliza pia benki yako inakata kiasi gani kupokea dola kutoka nje.

Kwa binamu yako jibu ni hapana, na hapa nakuomba unisikilize kama dada yako. Watembeleaji wanaouzwa kwa mafungu ni programu za kompyuta zinazofungua kurasa, au watu wanaolipwa kufungua wasichokisoma. Kampuni za matangazo zina mifumo ya kuwatambua: wanafika kwa mkupuo, wanatoka sehemu zilezile, hawakai, hawateremki kwenye ukurasa. Wakigunduliwa, mapato yao yanafutwa na watangazaji wanarudishiwa pesa yao. Mara nyingi akaunti inafungwa pamoja na salio la halali ulilolitolea jasho, na kufunguliwa tena ni shida kubwa. Hata wasipogundulika, aliyeibiwa ni mtu mwenye duka la mbegu mahali fulani, aliyelipa ili mkulima aone tangazo lake. Na wewe tovuti yako inaishi kwa kuaminiwa namba zake. Katika hilohilo, usibofye matangazo ya kwenye tovuti yako mwenyewe, usikae ukifungua ukurasa wako mara mia, na usiandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba wakusaidie kubofya. Najua watakuwa wanakupenda, lakini watasababisha kampuni ikufungie akaunti.

Sasa Majengo. Hapa ndipo naona pesa yako ilipo, mdogo wangu, na nashangaa umeiweka katikati ya maswali kama jambo dogo.

Kumbuka zile nafasi 42,000 zilizorudi tupu. Kampuni ya nje haina wa kuwauzia wasomaji wako, wakati duka la Majengo linamtaka msomaji huyohuyo: mkulima wa Bahi, wa Kongwa, wa Chamwino, anayefuatilia bei na atakayekuja mjini kununua mbegu. Kwa kampuni ya nje huyo ni msomaji wa bei ya chini. Kwa duka ni mteja wa kesho.

Wape nafasi moja, ile ya baada ya jedwali, iwe yao peke yao. Kabla ya kutaja bei, iache na bango la majaribio wiki mbili uhesabu inaonekana mara ngapi, kwa kipimo kilekile cha nusu ya eneo na sekunde moja. Tufanye umekuta inaonekana mara 15,000 kwa mwezi. Kampuni ya nje kwa senti 80 ingekulipa dola 12 kwa nafasi hiyo. Zigeuze kwa bei ya dola ya siku hiyo: hiyo ni sakafu, usishuke chini yake. Halafu panda, kwa sababu duka linapata watu wa eneo lake na pesa haigawanywi na mtu mwingine. Ukiwatoza shilingi 5,000 kwa maonyesho elfu moja, mwezi unakuwa 75,000. Mwenye duka anaweza kubisha, mkapatana 60,000, bado uko juu. Bei hiyo nimeitaja kama mfano wa namna ya kufikiri, yako itatokana na hesabu yako na mapatano yenu.

Usimpelekee maneno ya CPM. Mwambie bango litakaa mwezi mzima, litaonekana na watu si chini ya mara 12,000, na lisipofika litaendelea kukaa bila malipo mpaka lifike. Mwisho wa mwezi mpelekee ukurasa mmoja wenye namba. Muombe awaulize wateja wapya wameiona wapi bidhaa, maana onyesho la tangazo halimwambii kama mtu alikuja dukani, na yeye atakapojua kwamba wanakuja hutamtafuta tena, atakutafuta. Angalia na kalenda: mvua zetu za Dodoma ni msimu mmoja, zinaanza kuelekea Desemba, kwa hiyo Oktoba na Novemba mbegu na mbolea ndiyo vinanunuliwa. Hiyo ndiyo miezi ya kumtoza bei kamili. Katikati ya kiangazi mpunguzie, au mtafute mwenye magunia, mwenye mashine ya kukamua alizeti, mwenye lori.

Juu ya bango andika neno Tangazo, waziwazi. Hasa wewe, kwa sababu mnunuzi wa mazao akiweka bango lenye bei yake karibu na jedwali lako, mkulima anaweza kudhani ndiyo bei ya soko. Mtu akiuza magunia yake kwa kosa hilo, hatarudi kwako.

Faili la ads.txt lisikutie hofu. Ni karatasi ya maandishi tu inayotaja kampuni ulizoziruhusu kuuza nafasi zako. Ilianzishwa mwaka 2017 na IAB Tech Lab kuzuia matapeli wanaouza matangazo kwa jina la tovuti isiyo yao. Haifungui mlango wowote. Ila isome kabla ya kuiweka: wakala akikupa mistari mingi ya kampuni usizozijua, muulize kila moja ni ya nani na kwa nini iwemo.

Kuhusu serikali, biashara ya maudhui mtandaoni ina kanuni zake za mwaka 2020 zilizofanyiwa marekebisho baadaye. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma, nenda uwaulize tovuti ya namna yako inaingia kwenye leseni ipi. Kipato kiandike kwenye daftari tangu sasa kwa ajili ya TRA, cha dola na cha shilingi. Na kwa kuwa kampuni za matangazo hukusanya taarifa za wasomaji, weka ukurasa mfupi unaoeleza hilo, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Wakala wako usigombane naye. Mwandikie, siyo kumpigia, umuulize mambo mawili: mgao wako ni asilimia ngapi ya anacholipa mtangazaji, na kwa nini nafasi 42,000 zilibaki tupu. Mwombe pia akuwezeshe kuweka bango lako mwenyewe pale ambapo wao hawana tangazo, ni jambo ambalo mifumo mingi inaliruhusu. Akijibu vizuri, endeleeni. Akirudia lile jibu lake la mfumo, soma mkataba uone kiwango cha chini cha kulipwa, subiri salio lifike hapo na pesa iingie benki, ndipo uondoe msimbo wao.